Anza na Kiingereza cha Kazi Unayoijua

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote ni hili: "Mwalimu, nifanyeje Kiingereza changu kipande?" Wanaouliza ni wa kila namna. Yumo katibu muhtasi wa Mtumba anayetaka kuandika barua pepe bila kumwomba mwenzake aipitie kwanza. Yumo dereva wa bajaji wa Ipagala aliyepakia wageni wakashindwa kuelewana bei. Wamo wahitimu wa UDOM, wa Chuo cha Mipango na wa Mtakatifu Yohana ambao wanasubiri kuitwa kwenye usaili. Nafundisha watu wazima saa za jioni, katika chumba cha kupanga huku Chang'ombe, Dodoma, na jibu ninalowapa huwashangaza wengi wao. Nawaambia waanze na kitu wanachokijua tayari kwa Kiswahili, hasa kazi ya mikono yao.

Sababu ya kwanza ni mji wenyewe. Dodoma ni mji wa Kiswahili. Wabunge wanajadili bajeti kwa Kiswahili, ofisini watu wanasalimiana na kuagizana kwa Kiswahili, Soko la Majengo ni Kiswahili mwanzo mwisho, na ukitoka kidogo kuelekea Mvumi au Bahi unapokelewa na Kigogo. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, hata lugha ya sheria za nchi ni Kiswahili. Mimi nalifurahia hilo kwa moyo wote. Lakini Kiingereza nacho kinatungoja sehemu zake: kidato cha kwanza, mkataba wa mradi wenye wafadhili wa nje, kijitabu cha maelekezo ya mashine, chumba cha usaili. Kwa hiyo tunaishi mahali ambapo lugha hii inadaiwa kwetu bila kusikika mitaani. Ule ushauri unaozunguka mitandaoni, kwamba ukitaka kukijua Kiingereza ukae na watu wanaokiongea, hautusaidii sana hapa. Wengi wetu hatuna jirani wa kuongea naye.

Sababu ya pili ni jinsi tulivyofundishwa. Kwa miaka mingi mtoto wa shule ya msingi ya serikali amesoma madarasa yote kwa Kiswahili, halafu akaingia kidato cha kwanza na kukuta biolojia, jiografia na hesabu vimegeuka Kiingereza. Jinsi mmea unavyojitengenezea chakula ni jambo jipya kwake, na lugha ya kulielezea ni mpya vilevile. Anabeba mageni mawili kwa wakati mmoja, na kinachomwokoa ni kukariri. Ndiyo maana unamkuta mtu mwenye cheti cha kidato cha nne, au hata shahada, anaisoma aya nzima vizuri kwa sauti, lakini ukimwomba akwambie imesema nini ananyamaza. Akili anayo ya kutosha. Alifundishwa lugha ngeni kwa kutumia mambo mageni.

Mtu mzima ana nafasi ya kuugeuza mpango huo. Jambo likiwa analijua, kilichobaki kigeni ni lugha peke yake.

Mzee mmoja wa Hombolo, mkulima wa zabibu, alikuja darasani na pakiti tupu ya dawa. Aliingia na "mbukwenyi" yake, salamu ya Kigogo, akakaa kiti cha mbele, akaiweka pakiti mezani. "Mwanangu," akaniambia, "vijana wangu wamesoma lakini wote wako Dar. Nataka hii niisome mwenyewe." Yeye aliishia darasa la saba. Dawa ilikuwa ya salfa, ya kupiga ubwiri unga, ule ugonjwa unaotandaza kama vumbi jeupe juu ya majani na vichala.

Sikumtafsiria. Nilimuuliza, "Mzee wangu, kwenye pakiti ya dawa panatakiwa pawe na maelezo gani?" Akayataja bila kusita: jina la dawa, inatibu nini, unaweka kiasi gani kwenye pampu ya lita 20, unajikingaje, na unakaa siku ngapi baada ya kupiga ndipo uvune. Nikamwambia, "Basi yote hayo yamo humu. Tuyatafute." Akaanza na namba, kwa sababu namba hazina lugha. Alipoiona 20 akajua hapo ni pampu, na gramu zilizokuwa pembeni yake zikajieleza. Akashuka na kidole mpaka kwenye "14 days". Neno "days" alilijua. "Siku 14 za nini?" nikamuuliza. Akafikiri kidogo, akasema, "Hizo zitakuwa za kungoja kabla ya kuvuna." Maneno yaliyotangulia yalikuwa "pre-harvest interval". Hakuwahi kuyaona maishani mwake, lakini aliyafikia kwa sababu shamba analijua.

Jioni ile aliandika "harvest" kwenye daftari, na aliporudi tena alikuja na sentensi yake mwenyewe: "We harvest two times, February and August." Dodoma zabibu huvunwa misimu miwili kwa mwaka, kwa hiyo alichosema kilikuwa kweli na kilikuwa chake. Baadaye ndipo tukaweka "twice" mahali pa "two times" na "in" kabla ya miezi. Pakiti ileile ilimpa pia sarufi bila mimi kuandika neno sarufi ubaoni. Lugha ya lebo ni ya amri: kitenzi kinakaa mbele, "wear gloves", "wash your hands", na ukitaka kukataza unaanza na "do not". Baada ya hapo alikuwa anaweza kusoma lebo nyingine yoyote dukani, na kazini alikuwa anawaamrisha vibarua wake kwa Kiingereza huku wakicheka wote pamoja.

Vijana wa vijiweni wananipa ushahidi uleule kila msimu wa ligi ya Uingereza. Kuna ambao hawawezi kuagiza chai kwa Kiingereza, lakini mtangazaji akipaza sauti katika kibanda umiza wanamwelewa: nani amezidi, nani amepewa kadi, kwa nini goli limekataliwa. Mchezo wanaujua hadi mwisho, na macho yanaona kinachosemwa sekunde ileile kinaposemwa. Kijana wa namna hiyo nikimpata darasani, kazi yake ya kwanza ni kunisimulia mechi ya jana kwa sentensi tano. Wakati uliopita anaumaliza humo humo: "he passed", "he missed", "they scored".

Wataalamu wa msamiati nao wametuachia kitu cha kutumia. Michael West, Mwingereza aliyefundisha Kiingereza huko Bengal, alitoa mwaka 1953 orodha ya maneno takriban 2,000 yanayojirudia zaidi. Maneno hayo yanabeba karibu manne kati ya kila maneno matano utakayokutana nayo katika maandishi ya kawaida. Mengi ni madogo: "go", "take", "because", "under". Hayo hayakwepeki, kila mtu ayajue. Ila lile neno la tano ndilo linalobeba habari, na hilo hubadilika kulingana na fani. Kwa mwenye zabibu ni "pruning", kwa fundi umeme ni "circuit", kwa muuguzi ni "dose", kwa mhasibu ni "balance". Kamusi nzima huwezi kuimaliza, lakini maneno ya fani yako unaweza, na ukiyachanganya na yale 2,000 ya kila siku unaanza kusoma maandishi ya kazi yako bila kukwama kila mstari.

Kwa hiyo chagua fani moja na usihame. Fundi wa friji asome na kutazama mambo ya friji. Muuza vitambaa asome vitambaa. Mama ntilie aangalie video za mapishi, maana wali anaujua na macho yake yatamsaidia masikio. Ninapinga kabisa tabia ya kurukaruka, leo siasa za Marekani, kesho hadithi, keshokutwa hotuba za hamasa. Ukikaa kwenye fani moja, maneno yaleyale yanarudi mbele yako bila kuyatafuta, na kurudi huko ndiko kunakoyaweka kichwani. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885, kwa kujipima mwenyewe na silabi zisizo na maana yoyote, kwamba tunasahau kwa kasi kubwa mwanzoni tu baada ya kujifunza, kisha kasi inapungua. Ukilipitia neno kesho yake, kisha baada ya siku chache, kisha baada ya wiki, linashika kwa jasho dogo kuliko kukesha nalo usiku mmoja.

Kuhusu daftari nina msimamo mkali. Usiandike neno na maana yake tu. Andika sentensi nzima uliyolikuta ndani yake, halafu chini yake andika ya kwako inayohusu maisha yako. Neno likibaki peke yake kwenye safu linakuja peke yake mdomoni, halafu mtu anasimama katikati ya maongezi akitafuta cha kuliunganisha nalo.

Sasa nije kwenye matamshi, ambako naona watu wanapoteza nguvu mahali pasipohitaji. Wengi wanahangaikia lafudhi ya Kizungu. Lafudhi ya Kitanzania haina kosa lolote. Kinachotakiwa ni msikilizaji asichanganye neno moja na lingine. Kiswahili kina vokali tano. Kiingereza cha Uingereza kama kinavyofundishwa kina sauti za vokali zipatazo 20. Masikio yetu yanazikusanya zile 20 na kuzigawa kwenye vyumba vyetu vitano, na hapo ndipo "live" na "leave" hugeuka kitu kimoja, "full" na "fool" vivyo hivyo. Kufupisha sauti peke yake hakutoshi. Kwenye "live" ulimi unalegea na kushuka kidogo, midomo haivutwi pembeni. Kwenye "leave" unavuta midomo kama mtu anayetabasamu, na unakaa hapo.

Simu yako inaweza kukupima bure. Weka kibodi kwenye Kiingereza, bonyeza alama ya maikrofoni, useme, uone imeandika nini. Ila chagua sentensi kwa akili, kwa sababu simu inabahatisha kwa kuangalia maneno ya jirani. Ukisema "I live in Dodoma" itakusaidia hata kama umekosea. Sema "I want to live", kisha "I want to leave". Zote mbili zina maana, kwa hiyo simu inabaki na mdomo wako tu. Nimeona watu wazima wakikaa na zoezi hili jioni nzima, wakishangilia neno sahihi linapotokea kwenye kioo.

Mkazo nao usiusahau. Sisi tunaukaza karibu kila mara kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mazoea hayo tunayapeleka kwenye Kiingereza. Kumbe wenzetu mkazo wao unahama: "photograph" unakazwa mwanzo, "photography" unakazwa silabi ya pili, "photographic" ya tatu. Kila ukijifunza neno refu, lisikilize kabla ya kulitamka, halafu pigia mstari silabi iliyokazwa.

Lakini kosa linaloniumiza zaidi halimo kwenye matamshi wala kwenye tensi. Limo katika neno "yes". Mhitimu mmoja wa uhasibu, kijana hodari, alitoka kwenye usaili wa ofisi moja hapa mjini akiwa amechanganyikiwa. Walimuuliza, "You don't have any experience in auditing, do you?" Naye akajibu "Yes", akiwa na maana ya ndiyo, sina. Wao wakaelewa anao uzoefu. Wakamwomba auelezee. Akasema hana. Wakatazamana. Kijana hakudanganya mahali popote. Alijibu Kiswahili kwa maneno ya Kiingereza. Kwetu ukiulizwa "Hujala?" na kweli hujala, unasema "Ndiyo, sijala", maana unakubaliana na aliyeuliza. Kiingereza hakimtazami aliyeuliza, kinatazama hali ilivyo. Kama kitenzi cha jibu lako kinakanusha, anza na "no": "No, I don't." Kama kinakubali, anza na "yes", hata kama swali lilikaa upande wa kukanusha: "Yes, I do."

Hili halisomwi likaisha. Linafanyiwa mazoezi mpaka mdomo uzoee. Darasani tunakaa wawili wawili na kuulizana maswali ya kukanusha tu, na sharti ni kwamba hakuna kujibu neno moja. Lazima "yes" au "no" yako ifuatwe na kitenzi. Ukikosea, kitenzi kinakusuta papo hapo, kwa sababu "yes, I don't" inakwaruza hata sikio la anayeanza.

Mengine nayapitia haraka. "He" na "she" hutuchanganya kwa kuwa "yeye" yetu haina jinsia, na dawa yake ni kusimulia habari za mama yako na baba yako kwa kupokezana, kila siku, kwa sauti. Saa za Kiingereza zinahitaji uangalifu hasa unapopanga miadi na mgeni: saa nane mchana ni "two o'clock", na ukitaka kuipata upesi tazama uso wa saa ya mshale, namba inayoelekeana na nane ni mbili. Usiseme "discuss about", sema "discuss" basi. "Information" na "advice" hazichukui "s".

Tensi je? Zina nafasi yake, baada ya mtu kuwa na sentensi zake mwenyewe za kurekebisha. Mtu anayejua kusimulia siku yake kwa Kiingereza chenye makosa ananufaika na somo moja la sarufi kuliko anayeijua jedwali lote la nyakati lakini hana la kusema.

Aibu ndiyo inayotukwamisha wengi. Hapa kwetu mtu akichapia Kiingereza anachekwa, na asipochapia anaambiwa anajidai mzungu. Shule niliyosoma mimi ilikuwa na kibao anachovalishwa mwanafunzi aliyesikika akiongea Kiswahili. Matokeo yake hatukuongea Kiingereza zaidi, tulinyamaza. Tulijifunza kwamba lugha ni mtego. Watu wazima wanaokuja kwangu bado wanayo hofu hiyo, unaiona jinsi mtu anavyoziba mdomo kwa kiganja kabla ya kutamka. Kwa hiyo darasani kwangu hakuna anayemrekebisha mwenzake akiwa katikati ya sentensi. Amalize kwanza. Tukishaelewa alichotaka kusema, tunachagua kosa moja, lile lililozuia kueleweka, na mengine tunayaacha yalale.

Kama huna darasa wala mwenza, tumia maikrofoni ya simu kujirekodi ukieleza hatua za kazi yako: jinsi ya kubadilisha tairi, jinsi ya kufunga hesabu za siku, jinsi ya kukata matawi ya mzabibu. Dakika mbili zinatosha. Sikiliza, andika ulipokwama, tafuta maneno hayo, rekodi upya habari ileile. Programu za akili bandia za kuongea nazo zinafaa kwa hili, na kwa mtu mwenye haya ni msaada mkubwa kwa sababu hazikucheki. Uziambie kabisa zikusahihishe na zikupe sababu, la sivyo zinakusifia na kuendelea. Kwa upande wa bando, pakua vipindi mahali penye intaneti ya bure au wakati wa vifurushi vya usiku, usikilize mchana bila gharama. Idhaa ya BBC imekuwa na vipindi vya kufundisha Kiingereza tangu mwaka 1943, na siku hizi vipindi vyake vifupi vya dakika sita vinapatikana pamoja na maandishi yake. Sikiliza mara ya kwanza bila maandishi, mara ya pili ukiyafuata kwa macho.

Wazazi nao hunishika mkono wakati wa kuondoka na kuniuliza kama waanze kuongea Kiingereza nyumbani ili watoto wasije kupata shida waliyoipata wao. Najua swali hilo linatoka kwenye upendo. Jibu langu ni kwamba nyumbani waongee lugha wanayoimudu hadi ndani, iwe Kiswahili, Kigogo au Kirangi. Waeleze kwa nini mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, pesa ya chama cha kuweka na kukopa inazungukaje, babu alihama vipi kutoka Mpwapwa. Shirika la UNESCO lilitetea tangu mwaka 1953 kwamba mtoto aanze kusoma kwa lugha yake ya nyumbani, na ninachokiona darasani kinakubaliana nalo. Kiingereza cha mzazi anayebabaika kinampa mtoto sentensi chache za amri, "come here", "sit down", halafu maongezi yanakatika hapo. Mtoto aliyeelezwa mambo mengi kwa lugha ya mama yake anaingia kidato cha kwanza akiwa tayari na vitu kichwani vinavyosubiri majina mapya. Anayetaka kumsaidia zaidi amnunulie vitabu vyepesi vya hadithi vya Kiingereza, asome naye kurasa mbili jioni, na wakimaliza wazungumze kwa Kiswahili kilichotokea humo.